Kisogo cha Nina: Siri Iliyo Nyuma ya Filamu ya Ndege Wahamao

Kiswahili kina neno moja kwa wasafiri wawili wa angani. Ndege anaruka, ndege inaruka. Wa kwanza ana moyo na manyoya, ya pili ina injini na mafuta, na kinachowatenganisha ni kiambishi tu. Nilipoitazama kwa mara ya kwanza Le Peuple migrateur, filamu ya makala ya Kifaransa iliyotoka mwaka 2001, jambo hilo halikunipitia akilini hata kidogo. Nilikuwa nimetekwa na bata bukini aliyepiga mabawa karibu nami mno, hata nikaona unyoya mmoja mmoja wa shingo yake ukitetemeka kwa upepo. Baadaye nilipoanza kuuliza kamera ilifikaje pale, ndipo nikagundua kwamba filamu ile imesimama juu ya mkanganyiko uleule wa neno letu. Wapo ndege ambao, tangu saa zao za kwanza duniani, hawakumtenga ndege huyu na ndege hii.

Filamu yenyewe iliongozwa na Jacques Perrin, akisaidiana na Jacques Cluzaud na Michel Debats. Kazi ilichukua zaidi ya miaka mitatu, ikafika kila bara, na ikahitaji watu zaidi ya 450. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya makala. Maneno yake ni machache sana. Hakuna mtaalamu anayehojiwa, na ramani zenye mishale hutaziona. Kuna anga, maji, theluji, na ndege wanaokwenda. Wapo wanaoilaumu kwa ukimya huo, wakisema haifundishi. Mimi naona ukimya huo ndio ulioniacha na maswali, na maswali hayo ndiyo ninayojaribu kuyafumbua hapa: uzuri ule umetoka wapi, na je, ni wa kweli?

Tuanze na jicho. Mtu aliyesimama chini humwona ndege akipita. Anatokea upande huu, anakatiza, anapotelea upande ule. Hata ukimvuta kwa lenzi ndefu, bado ni kiumbe anayekuacha. Sasa ipandishe kamera hadi kimo chake na uipe kasi ileile aliyo nayo. Hapo ndege hasogei tena. Kichwa chake kinatulia tuli katikati ya picha kana kwamba kimetundikwa kwa uzi, kwa sababu shingo ndefu ya bata bukini hunyonya mtikisiko wa kila pigo la bawa. Mabawa yanapanda na kushuka, kifua kinafanya kazi, na kinachohama ni dunia. Mito inapita chini yake, mashamba yanapita, majiji yanapita. Kwa muda mfupi mtazamaji anapata mahali pa kusimama ambapo hakuna mwanadamu aliyezaliwa napo, yaani ndani ya msafara, ubavuni mwa msafiri. Nadhani ndiyo maana watu hutokwa na machozi wakitazama picha ambazo, ukizisimulia kwa maneno, ni bata tu wanaoruka.

Kufika mahali hapo ndiyo kazi. Bata bukini huruka kwa kasi ya kilomita 50 hadi 70 hivi kwa saa, mwendo ambao eropleni ya kawaida ikijaribu huanguka. Kwa hiyo zilitumika eropleni nyepesi sana, mabomba machache na kitambaa cha mabawa, rubani na mpiga picha wakiwa wameketi wazi katika upepo. Zilitumika pia parachuti za kurukia, maputo ya hewa moto, malori, pikipiki, boti, na hata manowari ya jeshi la majini la Ufaransa. Ila hakuna chombo hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kumkaribia ndege wa mwituni akabaki palepale. Injini ikinguruma umbali mrefu tu, kundi zima linageuza.

Hapo ndipo anapoingia Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake miongoni mwa bata bukini. Katika maandishi yake ya mwaka 1935 alieleza jambo ambalo wafugaji walikuwa wakiliona bila kulipa jina. Kifaranga wa bata bukini anapotoka kwenye yai hana picha kamili ya mama yake. Ana amri moja tu aliyozaliwa nayo: mfuate anayetembea na kuita. Yeyote anayekutana naye katika saa zile za mwanzo, awe bata, mtu au kitu, sura yake inakaa ndani ya kifaranga na kufutika kwake ni kwa shida sana. Lorenz aliliita Prägung, neno la Kijerumani la kupiga chapa, kama sarafu inavyopigwa ikiwa bado laini. Sisi tungesema samaki mkunje angali mbichi, ila kwa kifaranga huyu ubichi unadumu saa chache tu. Mwaka 1973 Lorenz alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Nikolaas Tinbergen na Karl von Frisch.

Watengenezaji wa filamu walichukua kanuni hiyo na kuishi nayo. Ndege wa aina mbalimbali, bata bukini, korongo na mwari wakiwamo, walilelewa tangu kuanguliwa na walezi waliokaa nao, wakatembea nao na kuwaita. Baadhi ya aina hizo hazikuwahi kulelewa hivyo kabla. Ndege walizoeshwa kamera na vyombo maishani mwao mwote, hata vikawa sehemu ya ulimwengu wao kama majani na maji. Ilipofika siku ya kuruka, mlezi alipanda chombo, chombo kikapaa, na watoto wake wakapaa nyuma yake. Aliyekaa na kamera alikuwa akiwapiga picha jamaa zake.

Ukisikia hivyo kwa mara ya kwanza unaweza kuvunjika moyo: kumbe ni wa kufugwa! Mimi pia nilivunjika moyo kidogo, nikakaa na hali hiyo siku kadhaa. Kilichonirudisha ni swali dogo. Kwa nini bata bukini ana amri hiyo ya kufuata tangu mwanzo? Mwituni inamfaa nini?

Jibu ni kwamba bata bukini hazaliwi na njia ya safari kichwani, njia yote tangu mwanzo hadi mwisho. Familia ya bata bukini hubaki pamoja baada ya kiangazi. Wazazi huondoka na watoto wao katika vuli ya kwanza, huwaonyesha ziwa la kupumzikia, uwanja wa kulisha, bonde la kukatizia milima, na mara nyingi hukaa nao majira yote ya baridi. Mtoto akishapita njia hiyo mara moja, ameirithi. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Walikuwa wakimsema mtoto aliyebebwa mgongoni, ambaye dunia yake yote ya kwanza ni shingo ya mama, naye hujifunza kwa kuitazama. Kwa bata bukini msemo huo ni kweli neno kwa neno. Kisogo cha nina ndiyo ramani.

Kwa hiyo kamera ile haikupenya kwa hila iliyo nje ya maisha ya ndege. Ilipita mlango uleule ambao safari yenyewe hupitia, kizazi hadi kizazi. Ndege anayelifuata parachuti kwa uaminifu ule anaonyesha, mbele ya macho yetu, nguvu ileile inayowatoa ndugu zake wa mwituni kaskazini na kuwafikisha kusini. Hili ndilo lililonifanya niirudie filamu mara ya pili na ya tatu, na kila mara nikaiona nzuri zaidi.

Umbo la mshale ambalo makundi hupanga angani nalo linahitaji maelezo, maana wengi hulitazama kama pambo. Bawa linapokandamiza hewa chini, hewa iliyo kwenye ncha yake hukimbilia juu kwa mzunguko, ikaacha nyuma kama mkia wa vimbunga vidogo. Moja kwa moja nyuma ya ndege hewa inashuka. Pembeni kidogo, nje ya ncha ya bawa, hewa inapanda. Anayekaa pembeni hapo anabebwa kidogo bure. Mwaka 2001 watafiti walichapisha vipimo vya mapigo ya moyo ya mwari waliofundishwa kuruka kwa mpangilio huo, wakaona moyo wa anayeruka katika safu unapiga polepole kuliko wa anayeruka peke yake. Mwaka 2014 utafiti mwingine ukaenda mbali zaidi, ukitumia kwarara 14 wachanga, ndege wenye mdomo mrefu uliopinda, waliolelewa na watu na kuongozwa na parachuti yenye injini, kila mmoja amefungwa kifaa mgongoni. Ilibainika kwamba kwarara hakai tu mahali pazuri. Analinganisha pia wakati wa kupiga bawa lake na wimbi la hewa linalomfikia kutoka kwa aliye mbele, na akipita nyuma moja kwa moja anageuza mapigo ili kuikwepa hewa inayoshuka. Aliye mbele kabisa hapati faida hiyo, basi wanapokezana. Uchunguzi wa mwaka uliofuata, wa kwarara haohao, ulionyesha kwamba muda ambao ndege huongoza unakaribiana na muda anaobebwa na wenzake.

Angalia jinsi vipimo hivyo vilivyopatikana. Ndege wa mwituni usingempata tena ukamvua kifaa. Aliyelelewa na mtu anatua miguuni pa mlezi wake. Malezi yaleyale yaliyotupa filamu ndiyo yaliyotupa jibu la umbo la mshale.

Je, filamu ni ya kweli? Mwanzoni inatangaza kwamba hakuna ujanja wa picha uliotumika katika kuwapiga ndege, na ndege wote unaowaona wakiruka ni ndege hai walioruka kweli hewani. Vipande vichache vya dunia ikionekana kutoka anga za mbali vilitengenezwa kwa kompyuta. Si picha zote za wafugwa. Pengwini na makundi makubwa ya baharini, kwa mfano, ni wa mwituni. Ila hakuna ndege mmoja aliyeruka safari nzima huku kamera ikimfuata. Waliolelewa walisafirishwa hadi mahali pa kupigia picha, wakaruka kipande, na vipande vikaunganishwa. Halafu kuna sauti. Injini inayonguruma karibu na maikrofoni haimpi mtu nafasi ya kusikia bawa, kwa hiyo pumzi na mvumo unaousikia ulibidi urekodiwe na kupangwa kando. Ningependa filamu ingesema haya waziwazi zaidi. Nasema hivyo kwa mapenzi, kwa sababu ukweli huo hauiondolei filamu chochote, na mtazamaji anayeupata kwa bahati baadaye hujiona amedanganywa mahali ambapo hakudanganywa.

Kuna jambo lingine linalonisumbua kuliko hilo. Kanuni ya kufuata ndiyo iliyochagua waigizaji. Filamu imejaa bata bukini, korongo, mwari, ndege wakubwa wanaosafiri mchana kwa makundi. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba uhamaji wa ndege ndio huo, safu ndefu katika mwanga wa dhahabu. Kumbe wahamaji wengi zaidi ni ndege wadogo wenye uzito wa gramu chache, wanaosafiri usiku, na katika aina nyingi kinda huondoka bila mzazi wa kumwonyesha njia. Kisogo cha nina hakipo. Basi wanajuaje?

Wanarithi mwelekeo. Jaribio lililoonyesha hivyo kwa uwazi wa kustaajabisha ni la Mholanzi A. C. Perdeck, lililochapishwa mwaka 1958. Kwezi zaidi ya 11,000 walinaswa Uholanzi wakiwa safarini kuelekea Uingereza na kaskazini mwa Ufaransa, wakavalishwa pete, wakabebwa hadi Uswisi na kuachiwa. Wakubwa, waliowahi kuifanya safari hiyo, waligeuza kuelekea kaskazini-magharibi, wakarudi kwenye makazi yao ya kawaida ya baridi. Wachanga waliendelea na upande uleule waliokuwa nao kabla ya kunaswa, kana kwamba hawajahamishwa, wakajikuta kusini mwa Ufaransa na Hispania. Mchanga ana dira tu. Mkubwa ameongeza ramani. Tofauti hiyo ya dira na ramani ndiyo fundo ambalo, likishafunguka, mengi mengine kuhusu safari za ndege yanafunguka nalo.

Na dira zenyewe ni zaidi ya moja. Katika miaka ya 1950 Gustav Kramer alionyesha kwamba kwezi husoma jua na kusahihisha mwendo wake wa siku kwa saa iliyo ndani ya mwili. Mwaka 1967 Stephen Emlen alichapisha majaribio aliyoyafanya ndani ya planetari, ukumbi unaoigiza anga la usiku, akiwa na ndege wadogo wa buluu wa Amerika ya Kaskazini. Alizibadilisha nyota, na ndege wakabadili upande wa kurukia. Baadaye alionyesha kwamba makinda hawazaliwi wakizijua nyota. Wanatazama anga usiku kwa usiku hadi wajue sehemu isiyozunguka, na hiyo inakuwa kaskazini yao. Huko Ujerumani, Wolfgang Wiltschko alionyesha kwa ndege aitwaye robini kwamba wanahisi usumaku wa dunia, na mwaka 1972, akishirikiana na Roswitha Wiltschko, akaeleza kwamba wanachosoma ni mwinamo wa mistari ya usumaku. Haiwaambii ipi kaskazini na ipi kusini. Inawaambia upande upi ni wa ncha na upi ni wa ikweta. Dhana inayopewa uzito sasa ni kwamba hisi hiyo imo jichoni, katika protini inayoamshwa na mwanga. Kama ndivyo, basi huenda robini anauona usumaku kwa namna fulani. Hiyo ni picha ambayo hakuna kamera itakayotuletea, nami huifikiria mara nyingi nikiwa nje usiku wakati wa misimu ya kuhama, anga ikionekana tupu na haiko tupu.

Umbali nao unaishinda kamera. Buabua wa Aktiki, ndege wa gramu 100 hivi, alifungwa mguuni kifaa cha gramu 1.4, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yakaonyesha kwamba kutoka Greenland hadi bahari za Antaktiki na kurudi huruka wastani wa kilomita 70,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 kinda wa aina moja ya ndege wa pwani wenye mdomo mrefu aliondoka Alaska akatua Tasmania baada ya siku 11, kilomita 13,560, bila kutua, bila kula, bila kunywa. Alikuwa na umri wa miezi mitano hivi.

Tumefika mbali tangu siku za kubahatisha. Aristotle aliamini kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi. Mwaka 1822 korongo mweupe aliuawa karibu na Klütz, Ujerumani, akiwa na mshale wa Kiafrika umechoma shingo yake, na huo ukawa ushahidi wa kushikika kwamba alikokuwa wakati wa baridi kulikuwa kusini mwa Sahara. Bado yumo katika Chuo Kikuu cha Rostock, mshale ukiwa shingoni. Aliruka na mti ule mwilini safari nzima ya kurudi, na nadhani hakuna tukio lolote katika filamu ile linalomshinda.

Sasa turudi kwenye parachuti, kwa sababu hadithi yake haikuishia kwenye sinema. Mwaka 1993 Bill Lishman na Joseph Duff wa Kanada waliongoza bata bukini 18 kwa eropleni nyepesi kutoka Ontario hadi Virginia, na mwaka 2001, mwaka uleule wa filamu, mbinu hiyo ikaanza kutumiwa kwa korongo warefu weupe wa Amerika ya Kaskazini wenye utosi mwekundu, ambao miaka 60 kabla ya hapo walikuwa wamebaki zaidi kidogo ya 20. Waliongozwa kutoka Wisconsin hadi Florida, karibu kilomita 2,000. Walezi walivaa kanzu nyeupe zinazoficha uso na kushika kichwa bandia cha korongo mkononi, ili kifaranga asije akajiona jamaa ya watu. Korongo walijifunza njia vizuri. Kulea vifaranga kukawashinda wengi wao, na serikali ya Marekani ikasitisha safari za kuongozwa mwaka 2016. Hata hivyo takwimu zao zilitupa kitu: utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kundi lenye korongo mwenye umri mkubwa hupotoka njiani kidogo kuliko kundi la wachanga watupu.

Ulaya kazi inaendelea na kwarara wenye kipara, waliotoweka katikati ya bara hilo katika karne ya 17. Wazazi wa kuwaonyesha njia hawakuwepo tena, kwani mnyororo ulikatika karibu miaka 400 iliyopita. Timu ya Johannes Fritz wa Austria iliwalea makinda na kuwaongoza juu ya milima ya Alps hadi Toscana, Italia, kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Kwa kuwa joto limechelewesha vuli na ndege wakawa wanaikuta milima imeshafungwa na baridi, mwaka 2023 njia ilibadilishwa, wakaongozwa hadi Andalusia, Hispania, umbali wa karibu kilomita 2,300.

Mwaka 2011 kwarara jike, aliyekuwa amepelekwa Toscana nyuma ya parachuti, aliruka mwenyewe hadi Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa wa kwanza kurudi. Katika miaka iliyofuata, makinda waliolelewa na kwarara wenyewe wakaanza kuwafuata wakubwa kuelekea kusini. Mbele yao hapakuwa na injini. Palikuwa na kisogo chenye shungi jeusi, kikielekea Alps.